Mlango wa Kurudishia

Fungua kitabu cha risiti cha duka lolote la Kariakoo au la Mtaa wa Biashara, Mombasa, uangalie chini kabisa ya karatasi. Utakuta maneno yamepigwa chapa: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kwa redio, kitenge au sufuria, maneno hayo hayana madhara makubwa. Mnunuzi aliyepunjika ataguna, ataondoka, na hasara itaishia mfukoni mwake. Lakini yako maduka duniani yanayouza fira, chatu, duma na sokwe. Huko, maneno hayo huwafikia watu ambao hawakuwapo wakati wa kupatana bei: mtoto wa jirani, muuguzi wa zamu ya usiku, askari wa doria. Na humfikia mnyama mwenyewe, ambaye hakuulizwa.

Watu wengi wanaoandika kuhusu biashara hii huanza na mnunuzi. Humwita mpumbavu au mtu wa kujionyesha, wakamalizia hapo. Mimi namtazama muuzaji, kwa sababu yeye ndiye anayejua. Anajua mnyama huyu atafikia urefu gani, ataishi miaka mingapi, atakula nini, na akiuma kutatokea nini. Mnunuzi anamwona mtoto wa mnyama mwenye macho makubwa. Muuzaji ameshawaona wazazi wake. Kwa hiyo kipimo changu cha muuzaji mwaminifu ni kimoja: je, mnyama huyu akirudishwa mlangoni kwake baada ya miaka mitano, ameshakuwa mkubwa, mgonjwa au mkali, ana mahali pa kumpokea? Kama hana, hakupaswa kumuuza tangu mwanzo.

Mwaka 1969, duka kubwa la Harrods jijini London lilikuwa na kitengo cha wanyama, na humo vijana wawili kutoka Australia, John Rendall na Ace Bourke, walinunua mtoto wa simba. Simba huyo alizaliwa kwenye bustani ndogo ya wanyama ya Ilfracombe, kusini-magharibi mwa Uingereza. Wakampa jina la Christian. Waliishi naye katika mtaa wa King's Road, kwenye duka la samani, akilala ghorofa ya chini ya ardhi na kupelekwa kukimbia katika kiwanja cha makaburi cha kanisa moja jirani. Kisheria hawakukosea kitu. Mtu mwenye fedha aliweza kuingia Harrods, akatoka na simba.

Miezi ilipopita Christian akakua, na swali la wapi pa kumpeleka likawa gumu. Bahati iliingia dukani kwa miguu yake. Bill Travers na Virginia McKenna, waigizaji wa filamu ya Born Free, walifika, wakamwona simba, wakapendekeza apelekwe Kenya kwa George Adamson, aliyekuwa akiwarudisha simba porini. Mwaka 1970 Christian alisafirishwa kwa ndege hadi Kenya, kisha akapelekwa Kora, nyika kavu iliyo kando ya Mto Tana. Mwaka uliofuata vijana wale walimtembelea, naye akawakumbuka na kuwarukia mabegani. Picha za mkutano huo zilipoingia kwenye intaneti miaka mingi baadaye, mamilioni ya watu walizitazama wakilia.

Nami nimezitazama, na zinagusa kweli. Ila kuna jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui. Ili Christian apate familia ya simba huko Kora, Adamson alimweka pamoja na dume mkubwa aliyeitwa Boy. Boy naye alilelewa na binadamu: alikuwa mnyama wa heshima wa kikosi kimoja cha jeshi la Uingereza, kisha akatumika katika filamu hiyohiyo ya Born Free. Mwaka 1971 Boy alimshambulia na kumuua msaidizi wa Adamson, Mkenya aliyeitwa Stanley. Adamson akampiga Boy risasi. Stanley hakununua simba. Hakuwahi kumwona muuzaji wa simba. Alikuwa kazini kwake, nchini kwake, katika kambi iliyogeuka kuwa mahali pa kurudishia wanyama waliokosa nafasi Uingereza. Kila ninaposikia hadithi ya Christian ikisimuliwa kama hadithi ya mapenzi tu, natamani jina la Stanley litajwe katika pumzi hiyohiyo.

Miaka saba baada ya mauzo yale, Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Wanyama Pori Hatari ya mwaka 1976. Tangu hapo, anayetaka kumweka nyumbani simba, nyani au nyoka mwenye sumu lazima apate leseni ya halmashauri yake. Daktari wa mifugo akague mahali. Na mwenye mnyama awe na bima ya kuwafidia watakaodhuriwa. Ni sheria nzuri kwa mambo mengi. Lakini maduka ya wanyama yenye leseni yao ya kawaida yaliachwa nje yake. Mzigo wote ukamwangukia mnunuzi, na yule mwenye maarifa, anayepata faida, akabaki na kitabu chake cha risiti.

Sheria hiyo pia haikuandaa mahali pa kuwapeleka wanyama ambao wenyewe hawakuweza kulipia leseni. Wapo wafugaji wanaosemekana kuwafungulia wanyama wao usiku, na kwa miaka mingi wakulima wa Uingereza wameripoti kuona paka wakubwa mashambani. Nyingi ya ripoti hizo hazina ushahidi. Lakini mwaka 1980, karibu na kijiji cha Cannich huko Scotland, puma wa kweli alinaswa kwenye mtego wa mkulima. Alikuwa mnene, na hakuwaogopa watu. Kwa vyovyote alikuwa amelishwa na mkono wa mtu.

Florida, huko Marekani, inafundisha jambo hili kwa ukubwa zaidi. Chatu wa Burma aliyetoka kwenye yai ana urefu wa karibu nusu mita. Unaweza kumshika kwa mkono mmoja, na mtoto wa shule aliweza kumnunua kwa akiba yake. Akilishwa vizuri huvuka mita tatu katika miaka michache, kisha huendelea, na anaweza kuishi zaidi ya miaka ishirini. Maelfu kwa maelfu waliingizwa Marekani na kuuzwa hivyo, mkononi, ndani ya mfuko wa kitambaa. Walipokuwa wakubwa kuliko tangi lao la kioo, wenyewe waligundua kwamba duka haliwataki tena, bustani za wanyama zimeshajaa chatu, na kumuua kwa mkono ni jambo lisilowezekana kwa mtu aliyempa jina. Kinamasi cha Everglades kilikuwa mwendo mfupi tu kwa gari. Agosti 1992 kimbunga Andrew nacho kilivunja majengo ya kuzalishia nyoka kusini mwa Florida. Kufikia mwaka 2000 watafiti walikubali kwamba chatu wale wanazaliana porini. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba, katika maeneo ambayo chatu wamekaa muda mrefu zaidi, kuonekana kwa rakuni barabarani usiku kumepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Sungura hawakuonekana kabisa.

Na si kinamasi peke yake kilichoumia. Mwaka 2009, katikati ya Florida, chatu wa urefu wa mita mbili na nusu hivi alitoka kwenye tangi lake usiku na kumuua mtoto wa kike wa miaka miwili akiwa kitandani. Nyoka huyo hakuwa amelishwa kwa takriban mwezi mzima, na aliyemfuga hakuwa na kibali kilichotakiwa na jimbo.

Mwaka 2012 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuingiza chatu wa Burma nchini na, pamoja naye, chatu wetu wa Afrika, wa kaskazini na wa kusini. Lakini hatua ninayoiheshimu zaidi ilianza Florida kwenyewe, mwaka 2006, bila kelele. Mamlaka ya wanyamapori ya jimbo iliweka utaratibu wa msamaha: mtu yeyote aliyechoka na mnyama wake wa kigeni, awe na kibali au hana, anaweza kumleta bila kulipa wala kushtakiwa, na mnyama hupelekwa kwa mtu aliyekaguliwa na kuonekana anaweza kumtunza. Huo ndio mlango wa kurudishia ninaousema. Kinachonikera ni nani aliyeujenga: umejengwa kwa kodi ya wananchi baada ya hasara kutokea, wakati waliouza mamia ya chatu kwa siku moja kwenye maonyesho ya mwisho wa juma walishahesabu fedha zao na kwenda.

Kwa upande wa nyoka wenye sumu, wapo wauzaji wanaojitahidi kweli, nami sitaki kuwaweka kapu moja na matapeli. Jimbo hilohilo la Florida linadai mwombaji wa leseni awe ametumikia saa 1,000 akishughulika na nyoka wa aina hiyo, katika muda usiopungua mwaka mmoja, na awe na watu wenye ujuzi wa kumthibitisha. Kila kizimba kifungwe kwa kufuli na kiandikwe jina la nyoka aliyemo. Kuwe na maandishi yanayoeleza hatua za kufuata mtu akiumwa. Anayemuuzia asiye na leseni naye amevunja sheria. Mfanyabiashara makini huenda mbali kuliko sheria: humuuliza mnunuzi ni hospitali gani iliyo karibu naye na kama imeshaambiwa, ni dawa gani ya kuzuia sumu inayomfaa nyoka huyu na inahifadhiwa wapi, nani nyumbani ana ufunguo. Swali linalopima kuliko yote ni hili: ukifa leo, au ukifungwa, au mkeo akisema yeye ama nyoka, nani atamchukua? Mtu asiye na jibu arudi kwao mikono mitupu, hata kama ameziweka dola mezani.

Kwa nini uzito wote huo? Majimbo mengine hayadai leseni yoyote, na matokeo yameonekana. Mwaka 2021, mjini Raleigh, North Carolina, kijana mmoja aliyekuwa akionyesha nyoka wake mtandaoni aliumwa na nyoka wa kijani aitwaye green mamba, jamaa wa koboko. Dawa ilitoka kwenye akiba ya bustani ya wanyama ya Riverbanks katika jimbo jirani la South Carolina. Miezi michache baadaye fira wake mwenye mistari, wa aina inayotoka Namibia na Angola, alionekana akiwa huru mtaani. Mtaa mzima uliambiwa usisogelee nyoka yeyote mpaka fira huyo aliponaswa kwenye ukumbi wa nyumba ya mtu.

Hapa lazima niseme kama mtu wa Afrika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua kati ya watu 81,000 na 138,000 kila mwaka, wengi wao wakulima, wachungaji na watoto wa Asia na Afrika. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza Fav-Afrique, mojawapo ya dawa zilizotegemewa sana katika bara hili, kwa kuwa haikuwa na faida. Zahanati nyingi za vijijini hazina hata chupa moja. Mkulima akiumwa na kifutu akipalilia mahindi, huanza safari ya pikipiki ya saa kadhaa asijue kama anakokwenda kuna dawa. Sasa mtu anayemuuza nyoka kama yule wa kijani kwa mpenzi wa nyoka wa mjini Raleigh anaongeza mteja mwingine kwenye foleni ya dawa ileile adimu, mteja aliyeumwa kwa kupenda. Muuzaji mwaminifu alipaswa kumtaka mnunuzi agharamie akiba yake ya dawa kabla ya kukabidhiwa nyoka. Bustani za wanyama zinazofuga nyoka wa sumu huweka akiba yao. Kwa nini mwenye chumba cha kupanga asamehewe?

Na kuna nyoka ambao dawa yao haipo kabisa. Katika misitu ya Mlima Kenya na vilima vya Nyambene anaishi nyoka mdogo wa mitini wa jamii ya kifutu, anayeitwa kisayansi Atheris desaixi. Ni mzuri wa kupendeza, mweusi mwenye madoa ya manjano, naye hutafutwa sana na wakusanyaji. Ndugu zake wa Usambara na Uluguru, wale wenye vipembe juu ya macho, nao wameuzwa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi. Hakuna dawa mahususi iliyotengenezwa kwa sumu yao. Mwaka 2016, katika mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg, Kenya ilifanikiwa kumwingiza nyoka wake kwenye orodha ya wanaouzwa nje kwa kibali tu. Kibali hicho hulinda idadi ya nyoka msituni. Hakimlindi mjukuu wa mnunuzi anayeingiza kidole kwenye tangi.

Sijapata hoja ya kunishawishi kwamba sokwe au simba anaweza kuuzwa kwa uangalifu kwa mtu binafsi. Travis alikuwa sokwe aliyezaliwa Missouri na kuuzwa akiwa na umri wa siku chache tu kwa bei iliyotajwa kuwa dola 50,000. Alivalishwa nguo, akaonekana kwenye matangazo ya televisheni, akala mezani. Februari 2009, akiwa na uzito wa karibu kilo 90, alimshambulia rafiki wa mwenye nyumba huko Stamford, Connecticut. Mwanamke huyo alipoteza mikono na uso. Polisi walimuua Travis. Wakazi wa Kigoma wanaoishi jirani na Gombe hawahitaji kuelezwa nguvu za sokwe dume. Muuzaji wa Missouri alikuwa na sokwe wakubwa nyumbani kwake na alizijua vizuri kuliko mtu yeyote. Sokwe anaweza kuishi miaka hamsini, muda mrefu kuliko maduka mengi. Ahadi ya kumpokea akirudi ni ahadi ambayo muuzaji hana umri wa kuitimiza.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 2011, karibu na Zanesville, Ohio, mtu aliyekuwa ametoka gerezani wiki chache tu zilizopita alifungua vizimba vya wanyama karibu 50 kati ya 56 aliokuwa nao shambani, kisha akajiua. Jua lilikuwa linazama na shule zilikuwa jirani. Askari wa kaunti, watu waliozoea ajali za barabarani na ulevi, walikaa usiku kucha wakiwapiga risasi simba, dubu na chui milia. Karibu wanyama 50 walikufa, wakiwemo chui milia 18 na simba 17. Wengi wa wanyama hao walitoka kwa watu, kwa kuuzwa, kubadilishwa au kutupiwa mwenye shamba kwa sababu waliokuwa nao waliwachoka. Shamba lile lilikuwa limegeuka mlango wa kurudishia wa watu wengi waliokosa mlango halisi. Ohio ilipitisha sheria kali mwaka 2012. Desemba 2022 serikali kuu nayo ilipiga marufuku mtu binafsi kununua au kuzalisha paka wakubwa, pamoja na ile biashara ya kuwapa watalii watoto wa simba wawabebe na kupigwa picha. Waliokuwa nao tayari walitakiwa kuwaandikisha kufikia Juni 2023, wawatunze hadi kifo.

Ng'ambo ya pili ya bahari yetu mambo yalienda hivyohivyo. Duma wachanga huibwa katika nyika za Pembe ya Afrika, hupitishwa Somaliland, huvushwa kwa mashua hadi Yemen, kisha husafirishwa kwenda nchi za Ghuba. Shirika la Cheetah Conservation Fund limekadiria kuwa watoto 300 hivi hutoroshwa kila mwaka, na duma waliobaki porini duniani kote hawazidi sana 7,000. Biashara ya kimataifa ya duma wa porini imezuiwa chini ya CITES tangu mwaka 1975. Mwaka 2016 Umoja wa Falme za Kiarabu ulipitisha sheria inayokataza watu binafsi kufuga wanyama hatari, na anayemtembeza duma barabarani anaweza kufungwa na kutozwa hadi dirhamu 500,000. Kwa ndugu zetu wengi wenye jamaa huko, hiyo ni habari ya kufikisha kwenye simu ya Ijumaa: picha ya duma ndani ya gari la kifahari ni picha ya kosa la jinai.

Wale wanaookolewa Somaliland kabla ya kuvushwa hulelewa katika kituo cha shirika hilo, makumi kwa makumi. Hawawezi kuachiliwa hivihivi. Mtoto wa duma hukaa na mama yake kwa karibu mwaka mmoja na nusu akijifunza kuwinda, na hawa walinyang'anywa wakiwa bado wananyonya. Watakula nyama ya kununuliwa kila siku ya maisha yao, kwa fedha za wahisani. Mtu aliyewauza hajachangia hata kilo moja.

Tanzania imelionja tatizo hili kutoka upande wa muuzaji. Mei 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Uamuzi ulikuwa sahihi, na ulikuja wakati wanyama tayari wako vizimbani, wamelipiwa leseni, hawawezi kuuzwa wala kutupwa tu msituni. Juni 2022 mamlaka ya wanyamapori ilitangaza dirisha la miezi sita la kumaliza shehena hiyo. Wananchi wakapaza sauti, na ndani ya siku chache Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Pindi Chana, akasitisha tangazo. Miaka sita ya kuwalisha, na bado hakukuwa na jibu la wapi wanyama hao waende. Siku biashara hii itakapoombwa kufunguliwa tena, na itaombwa, kila mwombaji wa leseni aambatishe anwani ya mahali atakapompokea mnyama aliyerudishwa, hati ya fedha za kumlisha mpaka afe, na jina la daktari wa mifugo aliyekubali kwa maandishi kumhudumia. Na ofisa wa wanyamapori aende kwenye anwani hiyo kwa miguu yake kabla ya kugonga muhuri.